Kijani Peke Yake Hakitoshi: Kumtambua Nyuki wa Jasho Anayemetameta

Mpelekee mtaalamu wa nyuki picha ya nyuki wa kijani anayemetameta, umwombe jina, na mara nyingi atakujibu kwa maswali. Umempiga wapi? Ilikuwa mwezi gani? Una picha nyingine ya mgongoni, au ya uso? Aliyeleta picha huvunjika moyo kidogo, maana kwake mdudu mwenye rangi ya ajabu namna hii alitakiwa kuwa rahisi kumtaja. Kumbe rangi ile ndiyo inayopoteza watu. Inakuonyesha upande wa kuanzia kutafuta, basi. Jina lenyewe limejificha kwenye vitu ambavyo havimetameti: kingo, mishipa ya bawa, umbo la kigamba kidogo kilichoko begani.

Tuanze na ukoo. Nyuki wa jasho ni familia ya Halictidae, yenye spishi zaidi ya 4,400 duniani, na wengi wao si wa kijani hata kidogo. Ni wadogo, weusi au wa kahawia, na mpita njia hawatazami mara mbili. Jina la jasho limetokana na tabia ya baadhi yao kutua kwenye ngozi ya mtu anayetoka jasho na kulilamba kwa ajili ya chumvi. Hapa pana kichekesho, kwa sababu wanaofanya hivyo zaidi ni wale wadogo waliofifia wa jenasi Lasioglossum (jenasi ni kundi la spishi zilizo ndugu wa karibu). Hawa wa kijani kikali, ambao picha zao ndizo zinazoitangaza familia nzima, wengi wako kwenye maua na hawana habari na mkono wako. Jike anaweza kudunga akibanwa kwenye nguo au kwenye kunja la kiwiko, lakini maumivu yake ni madogo na hupita upesi. Dume hana mwiba kabisa.

Kwa Marekani na Kanada, swali la nyuki huyu karibu lote linaangukia jenasi nne: Agapostemon, Augochlora, Augochlorella na Augochloropsis. Tatu za mwisho ni ndugu wa karibu, wote wa kabila la Augochlorini (kabila ni ngazi iliyo kati ya familia na jenasi). Agapostemon yeye yuko kabila jingine, Halictini, na kwa nasaba yuko karibu zaidi na Lasioglossum aliyefifia kuliko na hao wenzake wa kijani. Maana yake ni kwamba rangi hii haikufuata ukoo mmoja tu, na anayepanga nyuki kwa rangi atawaweka pamoja watu wasio wa nyumba moja.

Makundi yote mawili, Agapostemon na Augochlorini, asili yake ni mabara ya Amerika peke yake. Ndiyo maana swali la kwanza la mtaalamu ni mahali. Nyuki wa kijani aliyepigwa picha Afrika, Asia au Ulaya ni mwingine kabisa, hata kama kwa macho unaweza kuapa kwamba ni yuleyule, na ufunguo wa utambuzi (mwongozo wa dalili unaofuatwa hatua kwa hatua hadi kwenye jina) ulioandikwa kwa ajili ya Marekani utamfikisha mtumiaji kwenye jina la uongo bila hata kumpa dalili kwamba amepotea.

Sasa rangi yenyewe. Kijani hiki si rangi iliyopakwa wala kuchanganywa mwilini. Ngozi ngumu ya mdudu ina matabaka membamba sana yaliyopangwa moja juu ya jingine, na mwanga ukigonga matabaka hayo hurudi ukiwa umechujwa, mawimbi mengine yakiimarishana na mengine yakifutana. Kwa hiyo tunachokiona kinategemea unene wa matabaka na pembe ya mwanga. Mgeuze nyuki kidogo tu, kijani kinaingia ubuluu au udhahabu. Piga picha chini ya kivuli, kisha upige tena juani, na unaweza kudhani ni wadudu wawili. Tena ndani ya spishi moja kuna tofauti za kweli: Augochlorella aurata, kwa mfano, anaweza kuwa kijani safi, au kijani chenye shaba, au shaba inayoelekea wekundu. Faida moja ya rangi ya namna hii ni kwamba haichujuki kirahisi. Vielelezo vilivyochomekwa pini kwenye makumbusho zaidi ya miaka 100 iliyopita bado vinang'aa. Lakini kama kigezo cha kutenganisha jenasi na jenasi, aina ya kijani haina thamani, na mtu akikuambia "huyu ni Augochloropsis kwa sababu ana ubuluu zaidi," mwombe ushahidi mwingine.

Kabla ya yote hayo, hakikisha kwamba ni nyuki. Nzi wa kijani hudanganya wengi kwenye picha, lakini nzi ana jozi moja tu ya mabawa, vipapasio vifupi mno na macho yanayokaribia kuumeza uso. Kuna nzi wembamba wa familia ya Dolichopodidae, wenye miguu mirefu, wanaopenda kusimama juu ya majani wakiwa wameinua kifua. Hao nao hupelekwa sana kama nyuki. Mgumu zaidi ni nyigu wa familia ya Chrysididae. Kijani chake au buluu yake inashinda hata ya nyuki, ila mwili wake umejaa vishimo vizito, hana nywele za kubebea chavua, na upande wa chini wa fumbatio lake (sehemu ya nyuma ya mwili) umebonyea, jambo linalomwezesha kujikunja duara anapotishwa. Nyuki wa jasho hajikunji hivyo.

Hata ndani ya nyuki wenyewe, kijani si mali ya familia moja. Baadhi ya Osmia hung'aa kijani au buluu, lakini jike wao hubeba chavua chini ya tumbo, si miguuni. Ceratina ni wadogo, wana umbo la mcheduara, karibu hawana nywele, na mara nyingi wana alama nyeupe au ya njano usoni. Florida yupo Euglossa dilemma, nyuki wa okidi aliyetokea Meksiko na Amerika ya Kati, akaonekana huko kwa mara ya kwanza mwaka 2003. Yeye ni mnene, miguu yake ya nyuma imevimba, na ulimi wake mrefu mno huukunja chini ya mwili. Halafu kuna hao Lasioglossum wenyewe, ambao baadhi yao wana mng'ao hafifu wa kijani kilichochanganyika na kijivu. Kwao angalia bawa: mishipa inayokata upande wa nje huwa imefifia, hali kwa Augochlorini iko wazi na imara.

Ukisharidhika kwamba unaye nyuki wa jasho, swali linalofuata ni la jinsia, na wengi huliruka. Jike ana nywele nene kwenye miguu ya nyuma, na hata kama hajabeba chavua asubuhi hiyo, zile nywele zipo. Vipapasio vyake vina pingili 12. Dume ni mwembamba zaidi, vipapasio vyake ni virefu na vina pingili 13, na miguu yake haina vifaa vya kubebea chochote. Jinsia lazima ijulikane mapema kwa sababu dalili nyingi zinahusu upande mmoja tu, na kutumia dalili ya jike kwa dume ni njia ya mkato ya kukosea.

Faida yake inaonekana mara moja kwa Agapostemon. Dume wa jenasi hii ana kichwa na kifua cha kijani, lakini fumbatio lake lina mistari ya njano na nyeusi. Kwa Marekani na Kanada, hakuna dume wa Augochlorini aliyevaa hivyo. Wao ni kijani kuanzia kichwani hadi mwisho. Kwa hiyo picha moja ya ubavuni inatosha kulimaliza suala la jenasi, na hii ndiyo mara moja ambapo rangi inasaidia kweli. Kinachosaidia, hata hivyo, ni mpangilio wake mwilini, wala si aina ya kijani.

Jike wa Agapostemon virescens naye ni rahisi: mbele kijani, fumbatio jeusi lenye mikanda ya nywele nyeupe. Huyu ndiye nyuki ambaye jiji la Toronto lilimchagua kuwa nyuki wake rasmi mwaka 2018, na kwa wanaoanza ni mwalimu mzuri kwa sababu hana wa kumchanganya naye. Shida inaanza kwa majike wa spishi nyingine, kama A. texanus, A. splendens na A. sericeus, ambao ni kijani mwili mzima kama Augochlorini. Ukubwa unasaidia kidogo, kwani wengi wana kama milimita 10 au 11, lakini picha haina rula.

Kinachowatenganisha kiko mahali ambapo wapiga picha hawapigi. Mtazame nyuki kwa nyuma, pale kifua kinapoishia na kuteremka kuelekea kiunoni. Mteremko huo una uso wake wa nyuma, na kwa Agapostemon uso huo umezungushiwa ukingo mkali ulioinuka, kamili, pande zote. Kwa lenzi ya mkono inayokuza mara 10 unaonekana bila taabu kama nyuki ametulia. Kwa Augochlorini, fremu hiyo kamili haipo. Ukiipata, sahau mengine yote; umeshajua jenasi.

Kutoka hapo kwenda kwenye spishi ni safari nyingine. R. B. Roberts alichapisha mapitio ya jenasi hii mwaka 1972, na kwa miaka mingi ndiyo yaliyokuwa msingi wa kila ufunguo. Hata kwa msaada huo, majike wa A. texanus na A. angelicus, wanaokutana katika majimbo ya magharibi, wanajulikana kwa kufanana mno, na kazi ya kuwatenganisha imekuwa ikiegemea madume. Mwenye picha ya jike peke yake huko asijisumbue.

Rudi sasa kwa Augochlorini watatu. Wa kwanza kumtenga ni Augochloropsis, na kifaa chake ni tegula: kile kigamba kidogo kinachofunika shina la bawa la mbele, moja kila bega. Kwa nyuki wengi tegula ni mviringo uliorefuka kidogo, hauna la kusimulia. Kwa Augochloropsis, ukingo wa ndani upande wa nyuma umeingia ndani, na ncha imejivuta, kiasi kwamba kigamba kizima kinakuwa na umbo la koma. Ukishaliona umbo hilo mara moja, jicho halilisahau. Kinachohitajika ni picha ya juu, bega likiwa limelengwa vizuri, na mabawa yasiwe yamelifunika. Nyuki anayekunywa mbochi kwenye ua lililo wazi, kichwa chini na mgongo juu, ndiye wa kumpiga. Anayeruka achana naye.

Usiridhike sana, lakini. Kwa miaka mingi nyuki wengi wa jenasi hii mashariki na katikati ya Marekani waliandikwa kwa jina moja, Augochloropsis metallica. Mwaka 2022, Zachary Portman, Mike Arduser, Ian Lane na Sam Droege walichapisha mapitio ya jenasi hiyo kwa majimbo ya kati-magharibi pamoja na funguo za nyuki hawa wa kijani, na ndani ya lile jina moja wakatambua spishi tatu: A. metallica, A. fulgida na A. viridula. Maana yake ni kwamba rekodi ya zamani isemayo "metallica" sasa inaweza kuwa yeyote kati ya hao watatu mpaka kielelezo kitazamwe upya. Rekodi yenye kielelezo kwenye sanduku inaweza kusahihishwa, na ile ya daftari tupu imebaki ikining'inia.

Wamebaki wawili, Augochlora na Augochlorella, na hapa ndipo watu wazima hubishana. Ukubwa unatajwa sana. Augochlora pura, spishi iliyoenea zaidi mashariki, ana kama milimita 8, na Augochlorella kwa kawaida ni mdogo kuliko hapo. Lakini kuna pura wadogo na Augochlorella wakubwa, na ndani ya fremu ya kamera tofauti ya milimita mbili haina maana yoyote. Zipo dalili tatu zinazoaminika, na zote zinadai ukaribu.

Ya kwanza iko kwenye bawa la mbele. Fuata ukingo wa juu wa bawa kuelekea nchani, upite doa lililokomaa rangi, utakutana na kijichumba kirefu kinachopakana na ukingo huo. Kwa Augochlorella kijichumba hiki huchongoka kuelekea mwisho. Kwa Augochlora mwisho wake ni kama umekatwa. Picha yenye mabawa yaliyotanuka na mwanga unaopita ndani yake inaweza kuonyesha hili hata bila hadubini, na kwa maoni yangu ndiyo dalili ya kuijaribu kwanza, kwa sababu haijali jinsia.

Ya pili iko usoni. Juu ya mdomo kuna bamba la mbele la uso, na mshono unaolizunguka unapinda kila upande. Kwa Augochlora kona ya mpindo huo ni kali na inachomoza kuingia kwenye bamba. Kwa Augochlorella kona iko wazi zaidi. Kwenye karatasi inasikika rahisi. Kwenye uso uliojaa vishimo na mng'ao inataka subira na mwanga uliopunguzwa makali.

Ya tatu, ya jike, ni taya. Taya la jike wa Augochlora linaishia kwa meno mawili makubwa, hivyo ncha inaonekana imepasuka. Hili lina sababu yake. Augochlora pura hatengenezi kiota ardhini kama nyuki wa jasho walio wengi. Anachimba kwenye magogo yanayooza, chini ya magome, na huko ndiko anakotengeneza vijumba vya mayai yake. Augochlorella huchimba udongo. Kwa hiyo mwenendo unaweza kukupa jibu ambalo picha imekunyima. Nyuki wa kijani anayeingia tundu la ardhini si pura. Nyuki wa kijani aliyelala chini ya gome la gogo bovu katikati ya majira ya baridi, ni jike aliyekwisha kupandwa anayesubiri machipuko, na pura ndiye wa kudhaniwa kwanza.

Maisha yao ya kijamii pia yana la kusema, ingawa si la kutegemea peke yake. Pura huishi peke yake, kila jike na kiota chake. Augochlorella aurata anaweza kuwa na mama anayetaga na mabinti wachache wanaomfanyia kazi. Agapostemon virescens ana mtindo wake: majike kadhaa hutumia mlango mmoja wa ardhini, lakini ndani kila mmoja anajenga na kulisha watoto wake mwenyewe, hakuna malkia. Ukiona tundu moja la udongo lenye nyuki wenye kifua cha kijani na fumbatio jeusi wakiingia na kutoka kwa zamu, na kichwa cha mmoja kikichungulia mlangoni, unajua umewakuta hao.

Mwezi nao una uzito katika maeneo yenye baridi kali. Majike waliopandwa mwaka uliopita ndio wanaovuka majira ya baridi, hivyo mwanzoni mwa machipuko wanaoruka ni wao tu. Madume wa Agapostemon huanza kuonekana majira ya joto yakiwa yamekolea na kuendelea hadi vuli. Yeyote anayeleta "dume" wa mwezi wa Aprili kutoka kaskazini ana deni la kueleza.

Kadiri unavyoshuka kusini, hesabu ya jenasi nne inavunjika. Kusini mwa Texas anaingia Pseudaugochlora. Florida, Texas na Arizona zina Augochlora zaidi ya pura. Ukivuka kwenda Amerika ya Kati na Kusini, Augochlorini wana jenasi nyingi, wakiwamo Megalopta, nyuki wanaong'aa kijani ambao huruka gizani, kabla ya mapambazuko na baada ya jua kuzama. Megalopta genalis wa Panama amechunguzwa sana kwa uwezo wake wa kutafuta njia msituni kwa mwanga hafifu mno. Vijicho vitatu vya juu ya kichwa chake ni vikubwa ajabu, na kiota chake kiko ndani ya vijiti vikavu. Mtu aliyezoea ufunguo wa Ohio akiupeleka Costa Rica atapata majibu, yote mabaya.

Kwa hiyo kamera ifanye nini? Picha ya ubavu kwa ajili ya mpangilio wa rangi na miguu. Ya juu kwa ajili ya tegula. Ya nyuma kwa ajili ya ule ukingo wa Agapostemon. Ya uso, na moja ya bawa lililotanuka ukibahatika. Nyuki hatakusubiri upige zote, na ndiyo maana wengine humweka kwenye kichupa kilichozungukwa na barafu kwa dakika chache mpaka apoe na kutulia, wakampiga picha upesi, kisha wakamwacha apate joto na kuondoka mwenyewe. Njia hii haimdhuru ikifanywa kwa kiasi, na inatoa picha ambazo anayewavizia kwenye maua hawezi kuzipata kwa siku nzima.

Programu za simu zinazotambua wadudu kwa picha nazo ziko, na zinafaa kukuelekeza kwenye kabila. Kasoro yake ni kwamba hupenda kutoa jina la spishi hata pale ambapo picha haionyeshi bega, uso wala bawa. Pendekezo la namna hiyo lichukuliwe kama dokezo la mahali pa kuangalia. Ukikosa dalili, andika "Augochlorini" uishie hapo, ongeza jinsia, tarehe na mahali. Rekodi iliyoandikwa "Agapostemon, jike" inaweza kuongezewa jina la spishi baadaye na mtu mwenye kielelezo au picha bora. Iliyobandikwa jina la kubahatisha huingia kwenye ramani za usambazaji, na kuitoa huko inakuwa kazi ya mtu mwingine kabisa.